Taa Aliyoizima Swaibu

Yamesemwa mengi huko Matungu kuhusu siku aliyozikwa Mwalimu Ashura. Wapo waliosema mwanawe wa pekee wa kiume hakuonekana kaburini kwa sababu alikuwa amelewa. Hao wasamehewe, maana nyumba ya marehemu baba yake, Abdulmalik, haijapata kuingiwa na chupa ya pombe tangu ilipoezekwa. Wapo waliosema alikuwa kwa mwanamke Lugari. Hao wana lao. Ukweli ni mfupi, na unauma kuliko uzushi wote: Swaibu alikuwa kando ya barabara karibu na Malava, saa mbili na nusu nzima, ndani ya gari lake mwenyewe lililokufa, laptopu mapajani, akijaribu kulifufua.

Mjini Kakamega, mwenye gari la otomatiki asiyemjua Swaibu alikuwa mgeni. Kazi yake iliwashangaza wazee. Hakulala chini ya gari wala hakushika spana. Alichomeka waya chini ya usukani, akasoma maagizo yaliyoandikwa ndani ya kompyuta ya injini, akayabadilisha mstari kwa mstari, akayarudisha. Gari lililoingia likikohoa kwenye vilima vya Shinyalu lilitoka likivipanda kana kwamba ni uwanja wa mpira. Jioni alirudi nyumbani na shati jeupe, mikono safi kama ya karani wa korti.

Mama yake aliipenda mikono ile. Mwalimu Ashura alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka thelathini na mmoja, na kila alasiri alifundisha watoto wa mtaa Kurani sebuleni mwake. Alitaka mwanawe awe mwalimu. Alipoona hakuwa, akataka angalau awe mtu safi. Siku ya kwanza Swaibu alipomweleza kazi yake, mama aliweka kikombe chini.

"Kwa hiyo unaingia ndani ya akili ya gari la mtu."

"Ndiyo, Mama. Kama ungependa kusema hivyo."

"Na mwenye gari anajua umebadilisha nini?"

"Namwambia."

"Mwambie yote," alisema mama. "Mtu anayeambiwa nusu huwa amedanganywa nzima."

Swaibu alicheka, lakini neno lile alilifanya sheria ya karakana. Kila mteja alielezwa, hata asiyetaka kuelezwa, kwamba gari la otomatiki lina kompyuta mbili, moja ya injini na moja ya giaboksi, na kwamba mbili hizo huongea kila mara gia inapobadilika. "Hawa ni mume na mke," Swaibu alipenda kusema. "Ukimwongezea mmoja nguvu bila kumwambia mwenzake, nyumba haikaliki." Injini ikipewa nguvu mpya na giaboksi ikabaki na maagizo ya zamani, klachi zilizo ndani yake hushika kwa mkono dhaifu. Huteleza, hupata joto, na mwisho huungua. Kwa hiyo aliandika kompyuta zote mbili, na aliyetaka injini peke yake alifukuzwa. "Nenda kwa wale mafundi wa bei ya njugu," alimwambia.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Gari la Swaibu mwenyewe, jeusi, lenye turbo, lilikuwa tangazo lake. Aliandika upya kompyuta ya injini kwa siku moja ya furaha. Ya giaboksi ilihitaji nusu siku ya utulivu, na kila nusu siku ilipopatikana, gari la mteja lilikuwa tayari limesimama mlangoni. Akasema Jumapili. Jumapili ikaja na kwenda.

Kisha siku moja alimpakia mteja tajiri kumwonyesha gari linavyopanda. Katikati ya kilima, taa nyekundu ya joto la giaboksi ikawaka kwenye dashibodi.

"Ala! Fundi," mteja akaangua kicheko, "kumbe hata lako linatoa jicho? Sasa langu si litatoa ulimi?"

Swaibu hakusahau kicheko kile. Siku hiyo hiyo aliingia kwenye kompyuta ya giaboksi. Ile kazi ya nusu siku hakuifanya. Alifanya ya dakika kumi: aliizima taa. Na kwa kuwa alikuwa ameshafika humo, akaondoa na ile amri inayolifunga gari katika gia ya tatu joto linapozidi.

Amri hiyo wenye magari huichukia. Gari likijifunga hutambaa kama konokono, na bodaboda hulipita zikilizomea. Lakini Swaibu alijua vizuri kuliko mtu yeyote Kakamega kwamba ile ni rehema. Gari lililojifunga hukufikisha nyumbani kwa aibu, lakini hukufikisha. Alijiambia atairudisha Jumapili. Zilipita Jumapili za miezi minane.

Katika miezi hiyo mama aliugua moyo. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Adhuhuri moja alimwita Swaibu na dada yake mkubwa, Fauzia, akawaketisha mbele ya kitanda kama wanafunzi wawili waliochelewa.

"Nina maneno mawili," alisema. "La kwanza, nisicheleweshwe. Nikifa alfajiri, Alasiri nizikwe. Nisiwekwe kwenye barafu kumngoja mtu, hata awe nani."

"Mama, usiseme hivyo," alisema Swaibu.

"Nyamaza, sijamaliza. La pili, atakayeshuka kaburini kunipokea awe wewe, Swaibu. Ndugu zangu wa kiume wamekwisha. Baba yako mdogo Bashir ni mtu mwema, lakini miaka arobaini na tano nimejifunika kichwa mbele yake. Sitaki siku ya mwisho nishikwe na mikono ya mtu niliyekuwa nikijisitiri mbele yake. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mama."

"Nijibu kama mtu mzima."

"Nitakupokea, Mama. Mimi mwenyewe."

Mwalimu Ashura akavuta shuka, akafumba macho. Fauzia alisema baadaye kwamba tangu siku hiyo mama hakuonekana kuogopa tena.

Wiki tatu baadaye, Clifford, mkulima wa mahindi wa Lugari, alimwita Swaibu amtengenezee pikapu. Swaibu alisita, akampigia dada yake simu.

"Nenda tu," alisema Fauzia. "Leo amekunywa uji bakuli zima na kunisahihisha Kiswahili changu. Yuko sawa."

Swaibu akaenda Lugari, akalala huko ili aanze kazi mapema. Asubuhi alizima simu. Hiyo nayo ilikuwa sheria yake: kompyuta ya gari ikiandikwa haikatizwi, maana maagizo yakiishia njiani, gari huwa mzigo wa chuma. Akaandika ya injini, akaandika ya giaboksi, akaenda na Clifford barabarani kulijaribu, akarudi, akasawazisha. Kazi ilikuwa nzuri, na alijua ilikuwa nzuri. Saa tano na dakika arobaini aliwasha simu ili aitazame saa, na simu ikaanza kutetemeka mkononi bila kukoma. Alikuwa amepigiwa mara kumi na saba.

"Swaibu," Fauzia alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Mama ametangulia."

"Lini?"

"Alfajiri. Alimaliza kusali, akaegemea mto. Tumekupigia mpaka vidole vimeuma."

"Inna lillahi." Swaibu alishika mlango wa pikapu. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

"Baba mdogo amesema ni mara baada ya Alasiri. Mama ameshaoshwa. Njoo, na usijiendeshe. Tafuta mtu akulete."

"Nitafika mapema, Dada. Gari langu ni jepesi."

Clifford alikuwa amesikia. Alivua kofia. "Pole sana, ndugu yangu. Ingia kwa hii yangu nikupeleke. Si ndiyo umeitengeneza sasa hivi? Wacha tuijaribu kwa safari ya maana."

"Asante, mzee. Langu lina kasi kuliko hilo."

"Mtu mwenye msiba hafai kushika usukani."

"Nitakuwa mwangalifu," alisema Swaibu, na akaondoka kabla waya zake hazijakunjwa vizuri.

Alipita Webuye, akavuka mto Nzoia, akashika njia ya Malava, ile aliyoizoea. Matrekta ya miwa yalikuwa mengi siku hiyo, na kila alipokuta moja alikanyaga mafuta mpaka mwisho, akalipita, akashika breki, akakanyaga tena. Jua lilikuwa utosini. Mara mbili aliitazama dashibodi. Ilikuwa imetulia tuli, bila doa jekundu, kama uso wa mtu aliyeapa kusema uongo.

Kilimani, kabla ya kufika Malava, injini ilinguruma ghafla kwa sauti ya juu na gari likapunguza mwendo. Alikanyaga zaidi, injini ikapiga kelele zaidi, na gari likasimama. Alikuwa na nafasi ya kulitupa kando tu. Kisha harufu ikaingia, kali, ya mafuta yaliyoungua, kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Harufu hiyo Swaibu aliijua. Ilikuwa ikimjia mara kwa mara karakanani katika magari ya watu waliokwenda kwa wale wa bei ya njugu, na kila mara aliwaambia wenye magari kitu kimoja: klachi zimeungua, hapa hakuna la kuandika.

Alijua, basi. Lakini aliwasha laptopu.

Saa sita na dakika arobaini mwendesha boda mmoja alisimama kando yake, kijana mrefu aliyevaa koti la mvua juani.

"Buda, imekataa?"

"Imepata joto kidogo."

"Unaendanga wapi?"

"Matungu. Nina mazishi."

"Ghai! Mazishi ya nani?"

"Mama yangu."

Kijana alizima pikipiki. "Mimi naitwa Simiyu. Panda. Kabla ya saa tisa uko Matungu, na hapo nimehesabu mpaka polisi."

Swaibu alitazama barabara, kisha akalitazama gari. Hapo ndipo siku yote ilipokatikia. Angepanda, angefika saa nzima kabla ya sala. Lakini macho yake yaliona jambo jingine: mtoto wa Abdulmalik, fundi wa kompyuta za magari, akishuka kwenye boda mbele ya jamaa wote, na swali ambalo lingeulizwa na kila mdomo. Gari lako liko wapi?

"Dakika kumi tu litawaka," alisema. "Asante, kijana."

"Sawa. Mimi huwanga napita hapa kila saa. Ukiniona, piga mluzi."

Fikra yake ilikuwa kurudisha maagizo ya asili. Alikuwa ameyahifadhi, kama anavyofanya kila fundi mwenye akili. Kama gari lingerudi lilivyotoka kiwandani, alijiambia, huenda lingejifunga katika gia ya tatu na kutambaa mpaka nyumbani. Aliifanya injini kwanza. Namba zilipanda polepole kwenye kioo cha laptopu, na jasho likamtiririka ndani ya shati jeupe.

Fauzia akapiga. "Uko wapi?"

"Njiani. Nimekaribia Kakamega."

Ulikuwa uongo wa kwanza kumwambia dada yake tangu utotoni.

"Kuna shida? Baba mdogo anauliza kama atume mtu."

"Hakuna shida. Msitume mtu."

Saa nane Simiyu akarudi, safari hii na mwanamke mmoja aliyepakata jogoo. Alipunguza mwendo.

"Dakika kumi yako bado haijaisha, Fundi?"

"Nipe kidogo tu."

"Hiyo kompyuta inaweza kushuka isukume gari? Kama haiwezi, mimi naweza kukupeleka."

Mwanamke wa jogoo akamgonga Simiyu begani. "Wacha mtu na msiba wake. Pole, mwanangu. Huyo unayemwendea hatakungoja, lakini gari itakungoja hapa hapa."

Swaibu alimsikia. Alianza kuandika kompyuta ya giaboksi, kwa uangalifu, kama alivyofanya kwa kila mteja, bila kuruka mstari. Kwa mara ya kwanza katika miezi minane alilifanyia gari lake kazi ile kamili iliyolistahili. Taa ilirudishwa. Amri ya kujifunga ilirudishwa. Namba zikafika mia moja, na laptopu ikasema imekamilika.

Aliwasha injini. Ikanguruma taratibu, bila kosa. Akatia gia ya kwenda mbele. Gari halikusogea hata unyayo. Akatia ya nyuma. Halikusogea. Kwenye dashibodi taa nyekundu ilikuwa imewaka, aminifu, ikimwambia lile ambalo ingemwambia kilimani kama angeiacha. Akainamisha paji la uso kwenye usukani.

Fauzia akapiga tena. "Swaibu, jeneza liko tayari. Sema ukweli."

"Nusu saa, Dada. Nusu saa tu."

Saa tisa kasoro dakika kumi Simiyu alimkuta amesimama barabarani, laptopu mgongoni, akipiga mluzi kama mtu aliyepoteza mbwa. Kijana hakutania tena. Walipita Malava. Karibu na Kakamega mvua ya kila siku ikawapiga usoni, Simiyu alitaka kusimama chini ya paa la duka, Swaibu akamshika mabega, "Usisimame, tafadhali usisimame." Wakaendelea, barabara ikageuka mto mwekundu. Mumias waliipita adhana ya Alasiri ikiwa imeshasahaulika.

Walipoingia Matungu, mvua ilikuwa imekatika. Watu walikuwa wakirudi.

Walikuja wawili wawili njiani, kofia zimelowa, majembe begani. Walimwona, wakainamisha macho, wakampisha. Hakuna aliyemuuliza gari lako liko wapi. Lile swali lililomweka barabarani saa mbili na nusu halikuwamo katika kichwa cha mtu yeyote.

Bashir, baba yake mdogo, alikuwa ameinama penye jerikeni, akinawa udongo uliomfika viwikoni.

"Baba mdogo, hamkunisubiri?"

"Assalaam alaykum, Swaibu," alisema mzee bila kuinua kichwa, kwa kuwa salamu haikosewi hata siku kama ile.

"Wa alaykum salaam."

"Tulikusubiri. Tumemaliza sala, tukasimama na jeneza mabegani. Dada yako akasema tangu kabla ya adhana ulisema nusu saa. Ilikuwa imeshapita, tukakupa nusu saa nyingine, nayo ikaisha. Kisha mvua ikaanza kuingia kaburini." Alijifuta mikono polepole. "Marehemu alikuwa ameagiza asicheleweshwe. Ningefanyaje?"

"Nani alimpokea?"

"Mimi. Na mwalimu wa madrasa, na jirani. Tulitandaziwa shuka juu, na mimi niligeuza uso kadiri nilivyoweza. Mwenyezi Mungu anajua niligeuza uso."

Fauzia alimjia Swaibu kutoka uani, amejifunga leso kiunoni, macho yamevimba. Swaibu alitarajia dada yake atamkemea. Badala yake Fauzia alimshika mkono, akampeleka mpaka pembeni ya nyumba.

"Liliharibika wapi?"

"Malava."

"Saa ngapi?"

"Saa sita na dakika ishirini."

Fauzia alifumba macho, akahesabu kimya kimya. "Yalikuwapo magari matatu hapa uani, Swaibu, na madereva wamekaa bure. Wangekufuata na kukurudisha na muda ukabaki. Ungesema tu."

"Niliona aibu."

"Ya nani?" aliuliza dada yake. Halikuwa swali la kumchoma. Alitaka kujua kweli.

Swaibu alikwenda makaburini peke yake. Tuta lilikuwa jipya, limelainishwa, maji yameshanyunyizwa juu yake, matone ya mvua yakitiririka kwenye kijiti cha kichwani. Simu ikaita. Alipokea akidhani ni mtu wa pole.

"Fundi, umefika salama?" Alikuwa Clifford. "Mmemaliza?"

"Tumemaliza."

"Mungu ampumzishe mama. Kesho kutwa nitakuja kutoa pole. Na samahani kukuambia hili wakati kama huu, lakini gari! Nimetoka nayo mpaka mjini Turbo, gia zinashuka kama mboga ya mrenda kooni. Kilimani ile taa nyekundu iliwaka kidogo, nikapunguza mwendo, ikazima yenyewe. Ndivyo inavyotakiwa?"

"Ndivyo."

"Basi uko sawa sana, Fundi. Uko sawa sana."

Swaibu akatia simu mfukoni. Kwenye kivuli chembamba cha ukuta wa makaburi, waliochelewa kuondoka walikuwa wakikung'uta udongo viganjani. Aliitazama mikono yake. Ilikuwa safi. Mvua ilikuwa imeiosha hata vumbi la njiani, na katika watu wote waliokuwa Matungu alasiri ile, ni yeye tu, mwana wa marehemu, ambaye kucha zake hazikuwa na udongo.

Akapiga magoti, akachota gao moja la udongo kutoka ukingoni, akaliweka juu ya tuta. Lakini kaburi lilikuwa limekwisha kufungwa, na alichoweka hakikumfunika mtu. Kilikuwa udongo tu juu ya udongo.